Mfamasia Atoke Dirishani

Leo nazungumzia vidonge. Sizungumzii vidonge vinavyokosekana kwenye rafu za zahanati, maana hiyo habari tumeisema mpaka imechakaa. Nazungumzia vile vilivyozidi: vidonge alivyonavyo mzee wa miaka themanini kwenye mkoba, kwenye kopo la siagi lililokwisha, vingine chini ya mto, na ambavyo hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuvimwaga vyote mezani kwa pamoja akavitazama.

Nimekuja na habari hii kwa sababu ya Njoro. Wasikilizaji wa Moshi mnajua, na wa mbali niwaambie, kwamba pale Njoro, ndani ya manispaa yetu, yako makazi ya wazee ya serikali. Ikikaribia Krismasi, Pasaka au Idi, watu hawakauki: kwaya, vikundi vya kina mama, wanafunzi, wafanyakazi wa mabenki. Wanafika na mchele, sabuni, mafuta ya kula, khanga na blanketi, wanapiga picha, wanaondoka. Sina ugomvi na picha. Mchele unaliwa na blanketi linafunikwa. Ila sijawahi kusikia kikundi kikitangaza kwamba safari hii, pamoja na mchele, tumewaletea wazee wetu mfamasia kwa asubuhi nzima.

Kwa makazi ya namna hii, Njoro haiko peke yake. Kuna Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Ipuli Tabora, Bukumbi Misungwi, Kolandoto Shinyanga. Baadhi yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na nje ya haya ya serikali yapo yanayoendeshwa na masista na mashirika ya dini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba mahali pa mzee ni kwenye familia yake, na makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo ukimkuta mzee humo, jua huyo ni mtu ambaye hatua zote za mwanzo zimemshinda. Hana binti wa kumshikia daftari la matibabu. Hana mjukuu wa kumwambia daktari, “Babu hii dawa alishawahi kupewa ikamletea kizunguzungu.” Kumbukumbu zote za ugonjwa wake ziko kichwani mwake mwenyewe, na kichwa chenyewe kina miaka themanini.

Sasa ngoja nimtunge mzee mmoja, asiwe wa nyumba yoyote, tumwite Babu tu. Ana miaka sabini na nane. Siku moja anapimwa presha, iko juu, anaandikiwa amlodipini miligramu tano, kimoja asubuhi. Uamuzi mzuri, hauna kasoro. Amlodipini inalegeza mishipa ya damu na presha inashuka. Ila kwa baadhi ya watu, mishipa ikilegea, maji yanavuja na kukusanyika kwenye vifundo vya miguu. Baada ya miezi miwili viatu havimwingii Babu. Anapelekwa hospitali, na siku hiyo zamu ni ya daktari mwingine. Daftari limesahaulika. Daktari anaona miguu imevimba, anaandika frusemidi, ile dawa ya kukojoza.

Uvimbe wa amlodipini hauondoki vizuri kwa dawa ya kukojoza, kwa sababu Babu hana maji mengi mwilini. Maji ni yaleyale, ila yamekaa pasipo pake. Anachovuna ni mkojo tu. Na kwa kuwa mlezi anagawa dawa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kidonge cha kukojoza kimeangukia jioni. Saa nane za usiku Babu anaamka kwenda msalani. Taa ya korido imeungua tangu wiki iliyopita, kizunguzungu kinampanda akisimama, anaanguka. Mungu saidia, nyonga haikuvunjika, goti tu limeteguka. Asubuhi muuguzi anampa diklofenaki ya maumivu. Maumivu yanapungua kweli. Lakini diklofenaki inazuia chumvi na maji yasitoke mwilini, inazitaabisha figo, na inapandisha presha. Kliniki inayofuata, presha ya Babu imepanda. Basi amlodipini inaongezwa, kutoka miligramu tano hadi kumi.

Umeona tulikorudi, msikilizaji? Kwenye kidonge kilekile, sasa dozi mara mbili, na miguu itavimba zaidi.

Ningependa uangalie kitu kimoja katika kisa hiki: hakuna mtu aliyekosea kazi yake. Daktari wa kwanza alitibu presha. Wa pili alitibu uvimbe. Muuguzi alitibu maumivu. Mlezi aligawa dawa kama ilivyoandikwa kwenye bahasha. Ukiwaweka wote kwenye kiti cha mahakama, kila mmoja anatoka na ushindi. Aliyekosekana ni mtu wa tano, ambaye kazi yake si kuongeza dawa yoyote, bali kuzitazama zote tatu kwa pamoja na kuuliza ipi imezaa ipi.

Na bado Babu hajalala. Goti linamuuma usiku, anakosa usingizi, mtu mwenye huruma anampa piritoni, maana kila mtu anajua piritoni inaleta usingizi. Kwa kijana wa miaka ishirini na tano, piritoni ni usingizi tu. Kwa mzee, dawa za aina hiyo zinaweza kumchanganya akili, kumkausha mdomo, kumfungia choo, na kama tezi dume yake imekua, kumzibia mkojo kabisa. Siku chache baadaye Babu anamwita mlezi kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Wenzake wanatikisa kichwa: uzee huo, keshaanza kusahau.

Kusahau kwa kweli kupo, nisije nikaeleweka vibaya. Wilayani Hai, hapo jirani tu, watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao kutoka kaskazini mwa Uingereza wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi. Katika vijiji walivyovichunguza, waligundua kwamba kati ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa akili kudhoofika kwa uzee. Hao ni zaidi ya mzee mmoja katika kila ishirini. Sasa mzee aliyechanganywa na kidonge akihesabiwa kundi moja na hao, hakuna atakayemtafutia dawa, kwa sababu ugonjwa wa kusahau hauponi. Kumbe yeye anahitaji kuachishwa kitu tu.

Watafiti haohao wa Hai wana upande wa pili wa hesabu, na lazima niuseme, la sivyo nitakuwa napiga ngoma upande mmoja. Walipima presha wazee 2,223 wa miaka 70 na zaidi. Karibu 70 katika kila 100 walikuwa na presha ya kupanda. Wengi hawakuijua, na kati ya waliokuwa kwenye dawa, ni wachache mno ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ulitafuta wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, katika watu zaidi ya laki moja na sitini elfu wa wilaya hiyo. Walipatikana 33. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini, sembuse kupewa dawa, na dawa ya kuwapa nafuu ipo duniani tangu miaka ya sitini.

Kwa hiyo mlimani kwetu yapo yote mawili. Kuna mzee anayekunywa dawa tano zinazopigana, na jirani yake, ng’ambo ya mfereji, hajawahi kuonja hata moja anayoihitaji. Mtu tunayemtafuta awe na macho ya kuwaona wote wawili.

Mtu huyo ni mfamasia. Najua baadhi yenu mmeshangaa. Mfamasia si yule wa dirishani? Ndiyo, na hapo ndipo penye shida. Tunamsomesha miaka minne chuo kikuu, tunamweka mwaka mmoja wa mafunzo kazini, anasajiliwa na Baraza la Famasi, halafu tunamfungia nyuma ya dirisha lenye nondo. Anajua kemia ya dawa kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Anapitishiwa cheti, anasoma, anahesabu, anaandika kwenye bahasha “moja mara tatu”, anarudisha. Upande wa pili wa dirisha mara nyingi si mgonjwa mwenyewe bali mjukuu aliyetumwa, kijana mwenye haraka ya kurudi kwenye bodaboda. Mfamasia anaweza kustaafu bila kuwahi kumwona mzee akijaribu kufungua kifuniko cha chupa kwa vidole vilivyopinda.

Tena “moja mara tatu” ina maana gani kwa mtu anayekula mara mbili? Chukua glibenklamaidi, dawa ya sukari ya bei nafuu iliyoenea sana. Inaisukuma kongosho itoe insulini, mtu ale asile. Mzee ameinywa jioni, ugali haukushuka, meno hakuna, akaacha nusu sahani. Usiku wa manane sukari inaporomoka. Anakutwa alfajiri kalowa jasho, hajitambui, na watu wanasema ni kiharusi. Mwaka 1991 daktari Mmarekani, Mark Beers, pamoja na wenzake walichapisha orodha ya dawa ambazo kwa mzee hasara yake mara nyingi huzidi faida. Waliitunga mahususi kwa wakazi wa nyumba za wazee, na imekuwa ikihuishwa mpaka leo. Glibenklamaidi imo, na dawa za kundi la piritoni zimo. Diklofenaki ya kila siku imo. Vyote hivyo utavikuta kwenye duka lolote kuanzia stendi ya Moshi mpaka Mwika.

Wenzetu walioendelea wamekwishaonja uchungu huu. Uingereza mwaka 2009 watafiti waliingia katika nyumba 55 za wazee, wakawafuatilia wakazi 256. Kila mmoja alikuwa kwenye dawa nane kwa wastani, na saba katika kila kumi walikutwa na kosa angalau moja: kwenye kuandikiwa, kwenye kufungiwa, kwenye kupewa, au kwenye kufuatiliwa. Hiyo ni nchi yenye kompyuta kila meza. Australia nayo iliunda tume ya kuchunguza malezi ya wazee, na ripoti yake ya awali ya mwaka 2019 ilipewa jina lenye maana ya kutelekezwa. Miongoni mwa mambo yaliyoitia tume hasira ni wazee waliokuwa wakilazwa kwa dawa za usingizi na za wagonjwa wa akili ili wasisumbue. Kuanzia Julai 2024 serikali yao inalipa wafamasia wafanye kazi ndani ya nyumba za wazee, si dukani. Hesabu yao ni mfamasia mmoja kwa vitanda 250, na shahada peke yake haimtoshi. Lazima asomeshwe kazi hiyo.

Asomeshwe nini? Hapa ndipo ningependa wenye vyuo wanisikilize, na Moshi tunavyo. KCMC ipo juu hapo tangu 1971 na sasa ina chuo kikuu chake, na mji huuhuu una shule ya famasi, ile inayoitwa Kilimanjaro School of Pharmacy.

Jambo la kwanza ni figo. Figo za mtu wa miaka themanini hazichuji kama za mwenye thelathini, na dawa inayotoka kwa mkojo inabaki ndani kwa muda mrefu zaidi. Maabara watapima kreatinini, jibu litarudi limeandikwa “kawaida”, na kila mtu atapumua. Lakini kreatinini inatokana na misuli, na bibi aliyekonda hana misuli ya kuitengeneza. Jibu zuri linaweza kuficha figo zilizochoka. Ndiyo maana tangu mwaka 1976 iko kanuni ya Cockcroft na Gault, inayochanganya kreatinini na umri na uzito. Sawa, lete uzito. Bibi hasimami. Mgongo umepinda, mizani ni ile ya kupanda, ukimshika mkono asianguke unaharibu vipimo. Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni darasani atakwama hapo. Aliyefundishwa kwenye korido ya makazi ya wazee atajua kumpima mlezi akiwa amembeba bibi, halafu kumpima mlezi peke yake na kutoa. Kwenye kitabu cha famasi hilo halimo, na bila hilo kanuni haina kazi.

Jambo la pili ni kumeza. Wazee wengi wanashindwa kumeza, walezi wanasaga vidonge na kuchanganya na uji. Vingi havina neno. Lakini nifedipini ile iliyotengenezwa itoke polepole kutwa nzima, ukiisaga umempa mzee dozi ya siku kwa mkupuo mmoja, presha inadondoka. Nani amewahi kukaa na mlezi dakika kumi kumweleza hili? Na ukimweleza, mweleze kwa adabu, maana yeye ndiye anayejua kwamba Mzee wa kitanda cha dirishani hutafuna kila kitu, na Mama wa chumba cha pili huficha vidonge shavuni akavitema baadaye kwenye kona ya khanga. Mfamasia anayekuja kufundisha bila kuuliza atafundisha hewa.

Jambo la tatu ni ulimi na salamu. Mzee wa Kichaga hutamuuliza kwa pupa, “Dawa unakunywa?” Atakujibu “nakunywa” hata kama amezitupa kwenye migomba. Unaanza na shikamoo, unakaa, unauliza habari za usiku, za miguu, za macho. Akitaka kukusimulia kahawa ya miaka ya hamsini ilivyokuwa ikiuzwa, unasikiliza. Dakika ya kumi na tano ndipo anafungua mkoba. Kwa kijana wa chuo aliyezoea foleni ya dirishani, ambako mgonjwa anapewa sekunde thelathini, hii ni stadi anayopaswa kufundishwa na kusahihishwa kama anavyosahihishwa hesabu za dozi.

Mtu ataniambia, bwana, nchi hii wafamasia hawatoshi hospitali za wilaya, wewe unawataka kwenye makazi ya wazee? Naijibu hoja hii kwa hesabu ya Australia yenyewe. Mfamasia mmoja wa siku tano kwa vitanda 250. Basi makazi yenye wazee ishirini na watano yanahitaji nusu siku kwa wiki. Asubuhi moja! Mfamasia wa Mawenzi anaweza kuvuka mji Jumatano saa tatu akarudi kwa chakula cha mchana. Zikibaki asubuhi nyingine, wenzake wa Kibosho, Kilema, Machame na Huruma kule Rombo wanaweza kufanya hivyohivyo kwa wazee wa maeneo yao, walio kwenye makazi na walio majumbani.

Na kama mtu ana shaka kwamba Tanzania inaweza kufundisha watu wa dawa kwa kozi fupi, akumbuke Songea. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ndipo lilipoanza duka la dawa muhimu. Wauzaji wa yale maduka ya dawa baridi, wengi wao wahudumu wa afya wa ngazi ya chini, walipewa mafunzo ya wiki chache, duka likakaguliwa, likapewa kibali cha kuuza baadhi ya dawa ambazo awali halikuruhusiwa kuziuza kihalali. Mpango ule ukasambaa nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika zikaja kujifunza. Una kasoro zake, tunazijua, dawa za kuua vijasumu bado zinauzwa kama karanga. Lakini ulithibitisha kwamba mtu wa kawaida akifundishwa jambo mahususi, kwa muda mfupi, karibu na mahali anapofanyia kazi, anabadilika. Sasa mfundishe fundi dawa sanifu mwenye stashahada ya miaka mitatu namna ya kuzipitia dawa za mzee. Sioni kwa nini ashindwe. Kwa maoni yangu hata tusimngoje mfamasia wa shahada kila mahali. Fundi dawa azikusanye, azipange, aziandike, na mfamasia azipitie.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni cha ofisi. Mpaka mwishoni mwa mwaka 2021 wazee na dawa vilikuwa chini ya wizara moja, ile iliyokuwa na jina refu la Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Januari 2022 wizara iligawanywa. Dawa na hospitali zikabaki Wizara ya Afya. Makazi ya wazee yakaenda kwenye Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kila upande una sababu zake, na wapo waliosema wazee wangepata msemaji wao. Lakini matokeo yake mzee wa makazi ana wizara moja inayomlaza na nyingine inayomtibu, na hospitali yenyewe huenda iko chini ya TAMISEMI. Mfamasia akitaka kuvuka mji kwenda Njoro Jumatano, ni bosi yupi anamsainia safari? Nauli ya daladala ni ndogo, lakini fungu la kuitoa halipo kwenye kitabu cha yeyote kati yao.

Tupande mlimani kidogo, kwa sababu Njoro ina wazee wachache, na sehemu kubwa ya wazee wa Kilimanjaro wako kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huu miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa zaidi ya wazee nchini. Vijana wameshuka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Zamani kitinda mimba alibaki kihambani na wazazi. Siku hizi kitinda mimba naye yuko Kariakoo. Wazazi wamebaki na migomba, ng’ombe mmoja wa ndani, na binti wa kazi wa miaka kumi na saba. Hayo nayo ni makazi ya wazee, hata kama hayana kibao getini.

Halafu Desemba inafika. Mabasi yanajaa, magari yanapanda Marangu na Kibosho usiku kucha, na kila mtoto ana mfuko. Kaka mkubwa ameleta dawa za presha alizonunua Kariakoo, maana alisikia Baba presha inamsumbua. Dada amekuja na vidonge vya mifupa na vya viungo, vimeandikwa Kijerumani. Wa tatu, aliyetoka Nairobi, ana dawa ya presha nyingine, jina tofauti, kumbe ni amlodipini ileile yenye jina la kiwanda kingine. Mkwe ana chupa ya mitishamba aliyouziwa kwenye semina. Wote wameleta kwa upendo, na mzee hataki kumvunja moyo hata mmoja, kwa hiyo anakunywa vya wote. Tarehe mbili Januari magari yanashuka, mifuko inabaki kwenye kabati na mzee, na binti wa kazi asiyesoma Kijerumani.

Wale wanaodhani mitishamba ni utani wakumbuke mwaka 2011, msululu wa magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Mwasapile na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500. Wazee wengi wa huku walikwenda. Kikombe chenyewe sikijadili. Kilichowaumiza watu ni kwamba baadhi yao waliacha dawa zao wakiamini wamepona, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza taratibu walichoacha ni kipi. Mfamasia aliyefundishwa vizuri hamcheki mzee kwa kikombe. Anakiandika kwenye orodha pamoja na vidonge, na mbege nayo anaiandika, lita ngapi na siku gani, kwa sababu pombe na dawa ya sukari, pombe na dawa ya usingizi, hayo ni mambo ya kuandikwa bila aibu.

Ningeomba tuanze na kitu chepesi kuliko kozi. Mwaka huu mkifika nyumbani, kabla ya kuku kuchinjwa, mwageni vidonge vyote vya mzee mezani, vya makopo na vya chini ya mto. Msitupe chochote wenyewe, maana dawa nyingine zikikatwa ghafla zinaleta balaa. Atenololi ikisimamishwa kwa mkupuo moyo unaweza kushtuka vibaya. Viandikeni vyote kwenye karatasi moja: jina lililo kwa maandishi madogo, si lile kubwa la kiwanda, miligramu, nani aliandika, lini. Nendeni na karatasi hiyo, pamoja na mzee mwenyewe, hospitali iliyo karibu, mkamwombe mfamasia atoke nje ya dirisha. Atashangaa kidogo. Atatoka.

Halafu kitabaki kitendawili ambacho mimi si wa kukitegua, nakiacha kwa Baraza la Famasi na kwa madaktari. Tuseme ni Jumatano asubuhi Njoro. Fundi dawa amepanga, mfamasia amepitia, ameona frusemidi ya Babu haina kazi na amlodipini inafaa kushushwa. Yeye hana mamlaka ya kufuta alichoandika daktari. Uingereza baadhi ya wafamasia wameruhusiwa kuandika na kufuta dawa wenyewe tangu mwaka 2006, baada ya mafunzo ya ziada. Sisi hatujafika huko. Kwa hiyo anampigia daktari. Daktari yuko chumba cha upasuaji. Anapiga mchana, simu haipokelewi. Jioni mlezi anagawa dawa kama ilivyoandikwa, frusemidi ikiwemo, kwa sababu hakuna karatasi iliyosainiwa ya kumwambia asiigawe. Tunahitaji fomu moja, yenye nafasi ya mfamasia kuandika anachopendekeza na nafasi ya daktari kujibu ndani ya siku mbili, ndiyo au hapana na kwa nini, nakala ibaki kwenye daftari la mzee. Ikipatikana hiyo, mafunzo yana pa kushika.

Mwenye hoja tofauti, hasa kama ni daktari au mfamasia, simu za studio ziko wazi baada ya taarifa ya habari. Na walezi wa wazee nao wapige, maana katika mazungumzo kama haya huwa tunawasahau.